Matanga ya Muuza Makaa

Mama yangu amekulia Lubumbashi, na kwake viti vikitolewa nje pamoja na picha ya mtu na maua, hakuna la kuuliza: hapo kuna msiba. Kwa hiyo Jumamosi ile alipochungulia dirishani, hapa kwetu ughaibuni, mtaa wa Saint-Josse, akamwona jirani yetu, bibi wa Kibelgiji anayeishi peke yake, ameketi nje kwa nguo nyeusi kando ya picha ya mwanamume mwenye masharubu, alinisuta kana kwamba mimi ndiye niliyeua. Eti jirani kafiwa, sisi tunakunywa chai!

Niliporudi kutoka dukani, akina mama wa kanisa, aliowaita mama kwa simu, walikuwa wameshafika na vitenge viunoni, masufuria ya bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, na nyimbo zimepamba moto. Bibi mwenyewe alikuwa anang'aa kwa furaha, jambo lililonitia wasiwasi.

Akaninong'oneza kwa Kifaransa kwamba amechunguza historia ya mtaa wetu kwa miaka mingi. Sasa anahamia nyumba ya wazee, akataka kuisimulia kabla hajaondoka, na alihofu hatakuja hata mtu mmoja. Nikakosa ujasiri wa kumwambia ukweli.

Akasoma karatasi zake. Kumbe kile kifuniko cha chuma mbele ya mlango wetu, ambacho mama hukimwagia maji ya kufulia, ndipo makaa ya mawe yalipomiminwa kwenda chini ya nyumba. Kila alipomtaja mkazi wa zamani kuwa marehemu, akina mama, wakidaka neno hilo tu, waliangua kilio, naye akainamisha kichwa kwa heshima, akidhani historia imewagusa. Niliuma midomo nisicheke.

Mwishowe akaonyesha picha: baba yake, muuza makaa wa mtaa, aliyefariki yeye akiwa msichana mdogo. Nilipotafsiri, kilio kikakatika. Tumeumbuka, nikajisemea, nikamweleza bibi kila kitu na kumwomba radhi. Akabaki anayatazama masufuria.

Mama, ambaye Kifaransa chake kinaishia sokoni, hakujali radhi zangu.

"Muulize, balimulilia?"

Nikamuuliza kama watu walimlilia baba yake. Bibi akasema mazishi yalikuwa katikati ya wiki, watu wako kazini. Walizika mbiombio, na mama yake akamkataza kulia mbele za watu. Nikatafsiri.

Mama akavuta kiti, akakaa karibu naye, akamshika mkono.

"Bon, basi alie sasa. Tuko naye."

Bibi hakungoja nitafsiri.