Niliyemhamisha Mkwe

Mimi bibi mwenye wajukuu nimeumbuka wiki hii mbele ya wodi nzima ya wanaume.

Mchana nilimhamishia dirishani mchimba almasi wa Maganzo aliyelazwa kitanda cha mlangoni, nikambadilisha na mzee wa dirishani. Mama mkwe wake alikuwa amefika kumuuguza mwanawe kwenye kitanda jirani, na kwa mila zetu ni aibu mtu na mama mkwe wake kukaa karibu hivyo.

Jioni nikamkabidhi zamu muuguzi mwenzangu, Mama Kulwa, kwa maneno yale yale niliyopokea asubuhi: "Wa mlangoni asile, kesho anapasuliwa ngiri."

Kesho yake asubuhi Bwana Daktari akamkuta mchimba almasi ameshiba uji. Upasuaji ukaahirishwa, naye anajikunja kwa maumivu. Mlangoni mzee wa watu analia njaa.

Nami, badala ya kusema kweli, nikamkaripia Mama Kulwa: "Masikio umeyaacha nyumbani, wewe?"

"Nani alimhamisha?" akauliza daktari.

Nikajitia kunyoosha shuka la mzee.

Ndipo yule mama mkwe, kajifunika kanga usoni, akanipigia goti. "Ni huyu mama, Bwana. Mungu ambariki, alinisitiri aibu."