Kiwanja cha Ndege cha Bourem

Boureima alikuwa mkulima wa mpunga hapa Bourem, kando ya mto Niger, mpaka Wafaransa walipomtoa shambani kwa nguvu wampe kazi ya kusawazisha mchanga. Walitaka mahali pa kutua ile ndege yao ya injini moja, iliyobeba barua, maofisa na wagonjwa wao huku jangwani. Upepo ukivuma, mchanga unarudi, naye anaanza upya.

"Wewe umeoa kiwanja," shemeji yake Alassane alimtania. "Dada yangu ni mke mdogo tu."

"Nyamaza wewe, unanuka samaki. Kiwanja hakinipikii."

Hamsatou, mkewe, alicheka huku ameshika tumbo. Mimba ilikuwa kubwa.

Uchungu ulipomshika, mtoto hakutoka. Mkunga alihangaika naye mpaka akachoka, akakaa chini. Ndipo ndege ikatua. Boureima akakimbia, akamshika rubani miguu. Rubani alimsikiliza mkalimani, kisha akashusha mifuko ya barua akaiacha mchangani.

Machela ikasukumwa ndani kwa kilango cha ubavuni.

"Nami nipande," Boureima alisema.

"Mzigo utazidi," mkalimani akajibu. "Watamtibu hospitali ya mjini Gao, watamrudisha."

Hakurudishwa. Ndege iliyofuata ilikuwa na rubani mwingine, asiyejua lolote. Boureima akatoroka kazini, akapanda mtumbwi hadi Gao. Huko akaambiwa siku ile vumbi liliufunga mji, ndege ikapitiliza hadi Niamey. Akaenda Niamey.

Mlinzi wa hospitali alimkumbuka yule mwanamke. "Alishushwa amekwisha kufa, kaka, na mwanawe tumboni. Tulimzika kule."

Kule kulikuwa na matuta mengi ya wafu wa homa ya uti wa mgongo, yote sawa.

"Lake lipi?"

"Sijui. Tulikuwa tunazika kutwa."

Boureima akawaombea wote, akarudi. Alifungwa kwa kutoroka, akachapwa, akarudishwa kiwanjani. Mama mkwe wake alimfuata hukohuko.

"Umemwona mwanangu?"

"Nimeona mchanga, mama."

"Ungeniachia afie mikononi mwangu." Mama huyo hakumsemesha tena mpaka kufa kwake.

Mwaka uliofuata mchungaji mmoja wa ng'ombe, Sambo, alimleta bintiye kiwanjani, homa imemlegeza shingo. Rubani alikubali kumchukua mtoto peke yake, akalazwa ndani ya ndege. Sambo akamgeukia Boureima. "Wewe unaijua hii ndege. Nimpe?"

Boureima alikitazama kile kilango. "Wakikukataza kupanda naye, mshushe."

Sambo akamshusha, akaondoka naye begani. Ijumaa walimzika, Boureima akiwa miongoni mwa wachimbaji. Walipomaliza, Sambo akamshika mkono.

"Ahsante, ndugu yangu. Angalau najua alipolala."

Boureima akautoa mkono wake. Hakuweza kula siku ile, wala kumtazama mtu usoni. Kesho yake upepo ukavuma, naye akaitwa kazini.