Makasha Niliyoyaacha Baridi

Siku yangu ya kwanza kwenye jiko la medani sikuona jiko. Niliona trela lililofunikwa turubai, limefungwa nyuma ya lori la jeshi, mahali pakavu njia ya Mpwapwa. Nilikuwa na kidato cha nne na mafunzo ya awali, nikadhani kupika ni kupika. Sajinitaji, mkuu wa jiko, alinikuta nimeshika mwiko.

"Weka chini hiyo. Upepo unatoka wapi?"

"Sijui, afande."

"Basi leo hupiki. Kaa hapo mpaka ujue."

Nilikaa. Upepo wa huku una vumbi. Trela linaegeshwa likiupa mgongo, tangi la maji linakaa upande unakotoka upepo, choo kinachimbwa mbali upande unakoelekea. Ukikosea hapo, hakuna kiungo kitakachokuokoa.

Nyinyi mnaokwenda kusomea kazi hii, mambo yako hivi. Chini ya masufuria kuna vichomeo vya dizeli. Unapampu kwa mkono mpaka mshale wa kipimo cha presha ufike kwenye alama, ndipo unawasha. Ukiwahi, moshi mweusi unapanda na wali unanuka lori. Maji ya tangi yanatiwa dawa, na hayaguswi mpaka nusu saa ipite. Kila chakula kikiiva, bakuli moja linachotwa sufuriani na kuwekwa kwenye jokofu la trela. Tuliliita shahidi. Watu wakiugua, shahidi anapelekwa maabara.

Halafu kuna makasha ya joto, ya kuwapelekea walio mbali na jiko. Yana kuta nene, lakini hayana moto wake. Lazima uyajaze maji yanayochemka, uyafunge robo saa, umwage, ndipo utie chakula. Ukitia kwenye kasha baridi, kuta zinanyonya joto. Chakula kinabaki vuguvugu saa nzima nzima, kinaharibika bila hata kunuka.

Hatua hiyo niliijua vizuri kabisa. Na niliiruka.

Mwanangu alikuwa na miezi mitano, nimemwacha kwa mama yangu, mtaani Makole. Asubuhi ile matiti yalikuwa yamejaa, yanauma mpaka kwapani, gwanda limelowa. Ningesema tu, "Afande, naomba dakika kumi." Lakini wiki iliyotangulia luteni mmoja alisema jiko limeletewa ng'ombe wa maziwa, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kicheko hicho kinanichefua mpaka leo. Basi ile robo saa ya makasha niliitumia nyuma ya lori, nikikamulia maziwa ya mwanangu mchangani. Nikarudi, nikajaza wali na maharage, nikafunga.

Koplo wa ugawaji, mtu mzima wa Buigiri, alikuja kuyapakia.

"Umeyapasha, mama mtoto?"

"Nimeyapasha."

Nilipanda lori naye. Tukakwama korongoni, tukafika kwenye kikundi cha mlimani jua likiwa utosini. Jioni watu kumi na wawili walikuwa wanatapika, mmoja akabebwa kwa machela akiita mama yake. Hakufa mtu. Msinifariji kwa hilo.

Shahidi alirudi kutoka maabara akiwa safi. Angekosaje kuwa safi? Alichotwa sufuriani, na sufuria halikuwa na kosa. Kapteni wa afya akatuita.

"Kama jiko ni safi, basi ni mikono. Koplo, ulinawa?"

"Nilinawa, afande."

"Nani alikuona?"

Koplo aligeuka akaniangalia. Mimi nikaangalia buti zangu. Nilijua nikifungua mdomo, swali linalofuata ni la makasha.

Alivuliwa cheo, na akastaafu hivyo hivyo. Mimi nilipongezwa na Sajinitaji mbele ya gwaride kwa jiko safi, nikapiga saluti.

Mkataba ulipoisha sikuomba mwingine. Wanaostaafu huandika walivyotumikia vizuri. Mimi bado kijana, nawapikia mafundi wa ujenzi hapa Makole, na sina la kujisifia. Nina hasira na yule luteni, nina hasira na jeshi linalojua saa ya kujaza tangi la dizeli na halijui mama anyonyeshaye anahitaji dakika kumi. Lakini hakuna kati yao aliyesema "nimeyapasha". Nilisema mimi.

Kabla ya kuyatoa maneno haya nilikwenda Buigiri. Nilimkuta uani anabangua karanga.

"Shikamoo, Koplo."

"Marahaba. Hapa hakuna koplo. Mtoto amekua?"

"Amekua."

Nikamsomea yote mpaka hapo kwenye "nilisema mimi". Hakuinua uso. Alimaliza karanga zilizokuwa mkononi, akapangusa maganda mapajani.

"Makasha umeandika."

"Ndiyo."

"Maziwa umeandika."

"Ndiyo, baba."

"Hujaandika kama nilinawa."

Kweli, sikuwa nimeandika. Nikaomba kigoda, nikaweka karatasi gotini, naye akasubiri nimalize.

Alinawa. Kabla ya kufungua kasha la kwanza alishusha dumu, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Maji nilimmiminia mimi.