Kijia cha Nyuma ya Migomba

Siku moja siisahau, mwanangu, siku niliyojua maana ya neno kuzingira. Nilikuwa mgambo kijijini kwetu, huku milimani juu ya Soni, enzi za shamba la ujamaa. Mkufunzi wetu alitueleza kuwa neno hilo limetoka kwenye kuzinga, yaani kuzunguka: unamzunguka adui, unamkatia njia zote, mpaka ajisalimishe. Loo, nilivyolipenda! Nililitaja hata mbele ya mbuzi.

Haukupita mwezi, tukatumwa kumleta Salehe, rafiki yangu wa tangu utotoni. Jumamosi tatu, siku ya kazi ya lazima, hakuonekana shamba la pamoja. Mama yake alikuwa kitandani, na kabichi zao zilikuwa zinaoza. Niliyajua yote hayo nikanyamaza, maana ujana nao una ulevi wake.

Wenzangu walijipanga mbele ya nyumba na ubavuni. Nyuma, katikati ya migomba, kulikuwa na kijia cha kushukia mtoni. Salehe mwenyewe ndiye aliyenionyesha, tulipokuwa tukichunga. Hakuna mgambo mwingine aliyekijua. Nikaenda kusimama palepale na rungu langu.

Akatokea mbio. Aliponiona akasimama.

"Hata wewe?"

Akanyoosha mikono nimkamate.

Walimweka ofisi ya kijiji hadi kesho yake. Alipoachiwa akashuka bondeni Mombo kwa miguu, na hakurudi tena.

Nilikwenda kwa mama yake kumpa pole. Nikasema shikamoo, asiitikie, na kwetu hilo si jambo dogo. Akasema, "Nguruwe wa porini tunamziba njia zote kwa sababu tunataka nyama yake. Wewe, kwa mwanangu, ulitaka nini?"

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota mvi.

Basi sikia, mwanangu. Ukitumwa kumkabili mtu, mkabili, na kosa lake mwambie usoni. Lakini njia unayoijua kwa sababu alikupenda akakuonyesha, hiyo usiizibe hata ukiamriwa. Wakubwa waliokutuma watahama, wewe utabaki na kile kijia.

Mimi nakifyeka kila mvua zikiisha. Hapiti mtu. Nikimaliza nakaa pale kidogo, halafu narudi kupika chakula cha mtu mmoja. Mungu akujalie rafiki wa kuzeeka naye, mwanangu, na akulinde usije ukamfukuza kwa mkono wako.