Tapeli wa Keroka aliyeuza "mionzi ya nyota" kwa picha yangu

Wakuu, habari zenu popote mlipo. Sijaambiwa haya na mtu, nilikuwepo.

Mimi ni wa Nyanchwa, nasomea masters ya fizikia ya anga. Kazi yangu kwa ufupi: huko galaksi za mbali kuna vitu vinavyomwaga eksirei kupita kiasi. Ni shimo jeusi, au mabaki ya nyota iliyokufa, linalonyonya nyota jirani.

Natafuta hiyo nyota jirani kwenye picha za mwanga wa kawaida. Pia naangalia rangi za nyota zilizoizunguka, nikisie umri wao.

Haitibu hata mafua. Tuelewane hapo.

Sasa, Shangazi Moraa wa Marani akaanza kukohoa. Kifua kinambana, anakonda, hata chai hachumi tena. Badala ya hospitali, majirani wakamwelekeza kwa "Daktari wa Mionzi" pale Keroka, anayeuza tiba ya mionzi ya nyota. Nikamfuata.

Nikakuta chumba kimejaa. Walimu wawili wenye digrii zao wamo, wameketi wima kama wako kanisani!

Ukutani, wakuu, kuna galaksi yangu. Ile niliyoweka status. Mwizi hakufuta hata duara la kijani nililochora.

"Mionzi inatoka hapa," akasema bwana mkubwa, koti jeupe, kidole kwenye duara. "Nguvu yake ni kama jua milioni moja."

Hapo hakukosea. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikamuuliza, "Daktari, hiyo picha ilipigwa kwa mwanga gani?"

"Eksirei."

"Hapana. Ni mwanga huu huu wa macho. Eksirei ya huko haipenyi hata hewa yetu, inanaswa na setilaiti. Duara nilichora mimi. Ndani kuna nyota tatu hafifu, na mpaka leo sijui ni ipi inayonyonywa."

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mmesikia? Msomi hajui!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Walimu ndio walicheka zaidi. Nilitamani ardhi inimeze.

Shangazi hakucheka. Alijifunga leso yake, akasimama kwa shida.

"Huyu mtoto amesema hajui," akamwambia daktari. "Wewe unajua kila kitu tangu asubuhi, na kifua changu bado kinauma. Yaya, sitaki. Twende."

Tukaenda hospitali. Eksirei ya kawaida, ya hapa duniani, ikaonyesha mapafu yana madoa. Makohozi yakapimwa: TB. Akameza dawa mpaka akamaliza, na sasa ananigombeza kwa nini sijaolewa.

Wale walimu? Nasikia bado wanaenda.

Nilichojifunza: koti jeupe ni kitambaa tu, na digrii haizuii mtu kuwa mjinga kwa hiari. Anayekutibu bila hata kukupima, mkimbie.

Mashabiki wa daktari, uwanja ni wenu hapo chini. Anzeni kwa kututajia chuo alichosomea.