Senene wa Mbwa Wangu

Mbwa wangu ndiye askari wa migomba yangu hapa Kituntu, na hakuna aliyelelewa vizuri kama yeye. Nimelea watoto na wajukuu, kulea nakujua. Lakini aliharisha, akatulia, akaharisha tena, mpaka mbavu zikatokeza. Dawa ya minyoo alikunywa mpaka nadhani minyoo ya jirani nayo ilikufa. Mume wangu akachimba shimo nyuma ya migomba, mbwa mwenyewe amekaa pembeni anamtazama.

Nikamfunga mgongoni kwa kanga, nikapanda bodaboda mpaka Kayanga, kwa daktari wa mifugo.

“Shikamoo bibi. Mtoto ana nini?”

“Marahaba. Ana mkia.”

Alimpima, akachunguza na choo. Akasema si minyoo, ni utumbo umevimba. Mwili wake wenyewe unaushambulia. Hauponi kabisa, ila hutulizwa. Akatoa vidonge, nisivikatishe ghafla. Halafu nimpe viazi na nyama ya aina moja tu ambayo hajawahi kuonja, bila chumvi wala kitunguu.

“Mbuzi?”

“Kila harusi.”

“Samaki? Sungura?”

“Samaki anajua. Sungura alikuwa wa jirani.”

Daktari akavua miwani. “Bibi, sasa hajala nini?”

“Senene.”

Kwangu senene, wale panzi wa msimu wa mvua, ni wa mume wangu. Sisi wanawake wa zamani tuliwakamata, tukawanyonyoa mbawa, tukawakaanga, wanaume wakala. Mama mkwe aliniambia nikionja nitazaa mtoto mwenye kichwa cha senene. Daktari alifikiri kidogo, akasema nijaribu.

Mume wangu alikuwa na ndoo nzima ya senene waliokaushwa juani bila chumvi.

“Senene wangu umpe mbwa? Hicho ni chakula cha wanaume.”

“Kwani huyu ni jike?”

Akamtazama mbwa muda mrefu, kisha akaenda kuleta ndoo.

Niliwachemsha na viazi. Kila sufuria nilionja kwanza, nihakikishe hakuna chumvi. Umri huu mtoto wa kichwa cha senene nitamzaa na nani?

Wiki zikapita, choo kikashikana. Nilimwita mume wangu, tukasimama tukikitazama kama wazazi siku ya kipaimara. Kwenye lile shimo tukapanda mgomba.

Jana mume wangu alifunua ndoo. “Mbona wanaisha haraka hivi? Mbwa mwenyewe mdogo.”

“Muulize mwanamume mwenzako,” nikamwambia, nikafuta mdomo.