Sauti ya Msimamizi wa Zahanati

Kilichonishangaza kwanza kwa msimamizi wa zahanati yetu huku Newala ni kwamba akikasirika, sauti yake hushuka. Akimnong'oneza Petro, mfunga vidonda, Petro hukimbia. Mbele ya wazee huchuchumaa, akiishika kwanza kaptula yake ya kaki isipoteze mikunjo ya pasi. Leo asubuhi Bimdogo alikataa katakata mke wa mwanawe, Esha, apelekwe hospitali ya Ndanda kujifungua, ingawa mtoto amekingama tumboni. Tulimsihi, tukamtisha kwa kifo, bure. Msimamizi akachuchumaa, akamwamkia shikamoo, kisha akamtania kama wajukuu wanavyowatania bibi zao:

"Mke wangu, nimekugundua. Unaogopa Esha atakuzalia mke mwenza!"

"Mwenza gani, we mwenye miguu ya korongo!" Bimdogo akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. "Aje tu, nimfundishe kutwanga!"

Akawa wa kwanza kupanda lori la kumpeleka Esha Ndanda. Jioni hii lori bado halijarudi. Msimamizi hamwagizi mtu lolote. Kila gari linalonguruma mlimani humtoa mbio hadi barabarani, na sisi sote nyuma yake.